Mikono ya Mbele ya Gari Imechoka: Tununue Nini?



Mwezi huu hatusomi juu ya mbegu wala juu ya magonjwa ya ndizi. Tunasoma juu ya chuma na mpira vilivyo chini ya gari. Tunajua wengine watauliza: «Sisi ni wakulima, hayo si mambo ya shofere na fundi?» Jibu letu ni hili: muhogo, mupunga, ndizi na mawese vinapata bei vikifika sokoni. Koperative inayokuwa na gari iko na moja tu, tena ya zamani. Siku ile gari inalala, mavuno pia yanalala. Na feza ya kuitengeneza inatoka katika sanduku la wamemba wote. Basi memba anayetoa sauti yake juu ya feza hiyo, inafaa ajue kitu gani kinanunuliwa.

Mwisho wa somo hili utaweza:
- kujua kama gari yenu iko na mikono ya mbele ao hapana;
- kupima kama kilichochoka ni silambloku, rotile ao mkono mzima;
- kuchagua kipande cha kununua, bila kudanganywa na bei ya chini;
- kuuliza fundi maswali ya lazima wakati wa kufunga.

Yaliyotupata

Koperative moja tunayofanya nayo kazi upande wa Mubi iko na pikap, Toyota Hilux ya zamani. Ilianza kupiga kelele mbele, upande wa kushoto: ko-ko-ko katika kila shimo. Shofere akaleta habari mbele ya kamati: «Mama Prezida, mikono ya mbele imechoka. Naomba tubadilishe pande zote mbili.» Mama mtunza feza akajibu: «Papa Shofere, kelele iko kushoto. Kuume kuko kimya. Juu ya nini tulipe mara mbili?» Neno lake lilikuwa na akili, sababu sanduku lilikuwa karibu tupu na mbegu za msimu zilikuwa hazijanunuliwa. Kamati ikanunua mkono mmoja wa kushoto, ule wa bei ya chini kuliko yote, kwa kuangalia picha katika telefone. Karatasi ya matumizi ikafika kwetu pia. Tukaangalia jumla, tukaona ni ndogo, tukasaini. Hatukuuliza kama upande wa kuume ulipimwa.

Haukupimwa. Wiki 6 kisha, gari ilitoka Mubi kwenda Walikale-centre na bidon 45 za mawese, na watu 7 wakiwa wamekaa juu ya mzigo. Katika shimo moja lililojaa maji, rotile ya kuume ilichomoka. Gurudumu likalala upande kama mguu uliovunjika. Bahati gari ilikuwa inatembea polepole. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja alivunjika mkono, na bidon 11 zilimwagika barabarani. Fundi alipoangalia upande wa kushoto, ule mpya, alikuta silambloku zake zimeanza kupasuka tayari.

Mama mtunza feza alituambia: «Na nyinyi mulisaini.» Ni kweli, tulisaini. Kwa hiyo tumeandika somo hili, ili wengine wasilipe tena ile tuliyolipa.

1. Majina na kazi ya kila kipande

Gurudumu la mbele linapaswa kupanda na kushuka juu ya mashimo, na tena kugeuka kuume na kushoto. Vitu vitatu vinalisaidia.

*Mkono* ni chuma kinachounganisha shasi na gurudumu. Mafundi wa kwetu wanauita «bra». Mara nyingi uko na umbo la herufi A ao la mfupa wa kidari cha kuku: miguu miwili upande wa shasi, kichwa kimoja upande wa gurudumu. Gari nyingine iko na mkono wa juu na mkono wa chini kila upande, nyingine iko na wa chini tu.

*Silambloku* ni mpira ulio kati ya vyuma viwili vya mviringo, kimoja ndani ya kingine. Inakaa pale miguu ya mkono inashikana na shasi. Fundi aliyejifunza kazi Uganda ao Kenya ataiita bushi, ni kitu kimoja. Kazi yake ni kama kile kitambaa mama anachoweka kati ya kamba ya kitunga na paji la uso. Mzigo ni ule ule, lakini hauumizi.

*Rotile* ni kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kama mfupa wa paja ndani ya nyonga. Inakaa mwisho wa mkono, upande wa gurudumu. Inaruhusu gurudumu kugeuka na kupanda kwa wakati mmoja.

Tofauti kubwa mujue hii. Silambloku ikichoka, gari inapiga kelele, inavuta upande, inakula pine. Inakuonya kwa muda mrefu. Rotile ikichoka sana, inaweza kuchomoka mara moja, hata kama haikupiga kelele kubwa. Kwa hiyo kelele pekee haitoshi kuamua kitu cha kubadilisha. Upande wenye kelele unaweza kuwa na silambloku iliyopasuka tu, na upande ulio kimya ukawa na rotile inayotaka kutoka. Ndiyo ilitupata.

2. Gari yetu iko na mikono ya namna gani?

Kabla ya kutuma feza, chungulia chini ya gari.

- Land Cruiser za namna ya 70 ziko na ekseli nzima mbele. Hazina mikono ya namna tunayosoma hapa. Nyingi za kabla ya 1999 ziko na resori za mabapa mbele, na kisha zikaja za resori ya mzunguko mbele. Hizo nazo ziko na mipira yake, na upimaji wake unafanana, lakini kipande ni kingine.
- Hilux 4x4 za zamani sana ziko pia na ekseli nzima na resori za mabapa mbele. Zilizofuata ziko na mikono miwili kila upande na bari ya torsio, ni kusema chuma kirefu kinachojipinda na kufanya kazi ya resori. Zile zilizokuja kuanzia 2004 na 2005 ziko na mikono miwili na resori ya mzunguko.
- Hiace, zile za taksi-bisi, ziko na mikono miwili na bari ya torsio.
- Corolla na Carina ziko na mkono mmoja wa chini kila upande. Juu, gurudumu linashikwa na amotiseri.

Hilux mbili zinaweza kufanana uso kabisa, moja ikiwa 4x4 na nyingine ikivutwa na magurudumu ya nyuma tu. Mikono yake si sawa. Kusema tu «nataka bra ya Hilux» ni kama kusema «nataka mbegu» bila kusema mbegu ya nini.

3. Kupima: nusu saa, watu wawili

Shofere na memba mmoja wanaweza kufanya kazi hii. Tafuta mahali pa sawasawa, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kila mara gari ikiwa juu ya kriki, weka pia gogo gumu ao kipande cha mti kizito chini ya shasi. Hakuna mtu kuingia chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake.

*Hatua ya 1: macho.* Osha matope kwanza. Angalia mpira wa silambloku. Nyufa ndogo za juu juu ni uzee wa kawaida. Lakini kama mpira umepasuka mpaka ndani, umeachana na chuma, ao chuma cha katikati hakikai tena katikati, silambloku imekwisha. Angalia pia kifuniko cha mpira cha rotile. Kikipasuka, grisi inatoka na matope yanaingia. Rotile hiyo ina siku chache.

*Hatua ya 2: pine.* Pine iliyolika upande mmoja tu, wa ndani ao wa nje, inasema kwamba gurudumu halisimami sawa. Inaweza kuwa mkono uliopinda, silambloku ao rotile. Andika upande gani.

*Hatua ya 3: kutikisa.* Inua gurudumu moja. Shika pine juu na chini, vuta na sukuma. Mwenzako aangalie rotile na kitovu cha gurudumu. Mchezo ukionekana kwenye rotile, rotile imekwisha. Ukionekana kwenye kitovu, ni bileti za gurudumu, si mkono. Fanya mara mbili: mara ya kwanza kriki ikiwa chini ya shasi, gurudumu linaning'inia, mara ya pili kriki ikiwa chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu. Resori inaweza kubana rotile mpaka ifiche ulegevu wake katika namna moja, kisha uonekane katika namna nyingine.

*Hatua ya 4: mtaimbo.* Ingiza mtaimbo kati ya mkono na shasi, karibu na silambloku, ukandamize kidogo. Mpira mzuri unasogea kidogo na kurudi. Mpira uliokufa unaacha chuma kigonge chuma.

*Hatua ya 5: pande zote mbili.* Kuume na kushoto, juu na chini. Andika matokeo katika daftari la gari, na tarehe. Kama mikono ni mizima na kelele inaendelea, angalia amotiseri na vijiti vya bari ya stabiliza kabla ya kununua kitu.

4. Kuchagua: silambloku tu, ao mkono mzima?

*Silambloku peke yake.* Ni nzuri kama mkono haujapinda, haujapasuka, haujaliwa na kutu, na rotile ni nzima. Bei yake iko chini. Lakini kuna jambo moja: silambloku inaingia ndani ya mkono kwa nguvu ya presi. Katika senta nyingi za kwetu presi hakuna. Tumeona fundi akichoma mpira wa zamani kwa moto, kisha akiingiza mpya kwa nyundo. Nyundo inaharibu chuma cha nje, na silambloku inaingia kombo. Hiyo si akiba. Kama hakuna presi, tuma mikono yenyewe mjini ikafungwe silambloku kule, ao nunua mkono kamili.

*Mkono mpya kamili.* Unakuja na silambloku na rotile ndani. Fundi anafungua buloni, anatoa wa zamani, anaweka mpya. Kwa koperative iliyo mbali na presi, mara nyingi ndiyo njia ya akili. Uliza vizuri: mikono mingine inauzwa mitupu, bila rotile ao bila silambloku, na ndiyo sababu bei inaonekana ndogo.

*Mkono wa okazio.* Chuma cha okazio kilichotoka kwenye gari nyingine kinaweza kuwa kigumu kuliko kipya cha bei ya chini. Lakini mpira wake na rotile yake vimezeeka pia. Nunua okazio kwa ajili ya chuma, na uweke katika hesabu feza ya silambloku na rotile mpya. Angalia kama kuna alama za kuunguzwa na soda. Pima kwa kamba urefu kati ya matundu, linganisha na mkono wenu. Mkono uliopinda hata kidogo utakula pine kila msimu.

*Silambloku za plastiki ngumu.* Ziko za rangi nyekundu, njano ao bluu, na wanaziita poliuretani. Mafuta hayaziharibu upesi kama mpira, na zinashika gurudumu kwa ugumu. Lakini ugumu huo unapeleka kila pigo kwenye shasi na kwenye mgongo wa abiria. Zinaomba pia grisi yake maalum, la sivyo zinalia. Kwa barabara zetu za mashimo, tunapendelea mpira wa kawaida wenye ubora.

*Silambloku ya pine ya zamani.* Mafundi wetu wanajua kukata pine na kutengeneza mpira wa kuazima. Hatuwacheki. Gari ikikwama porini, ujanja huo unaweza kuirudisha nyumbani, polepole, bila mzigo, bila watu juu. Ukifika, uondoe. Lakini rotile haina ujanja wa namna hiyo. Rotile iliyokwisha haifungwi kwa waya wala haiungwi kwa soda. Gari inasimama mpaka nyingine ifike.

*Na swali la Mama mtunza feza: upande mmoja ao pande zote mbili?* Silambloku badilisha pande zote mbili, sababu zimefanya kazi miaka ile ile, na mpira mgumu upande mmoja na mlaini upande mwingine unafanya gari ivute ukipiga freni. Rotile ya upande wa pili inaweza kubaki, lakini kwa sharti moja: imepimwa kama tulivyoonyesha katika hatua ya 3, ikaonekana nzima, na jambo hilo limeandikwa. Kukaa kimya hakuonyeshi kwamba ni nzima.

5. Wakati wa kununua

Piesi zetu zinatoka mbali: Goma, Bukavu, Kisangani. Zamani ndege ndogo zilikuwa zinashuka Kilambo juu ya kipande cha lami, na hata wakati ule kipande kilichokosewa kilikuwa kinachukua siku mingi kurudi. Sasa, barabara ikiharibika ao ikifungwa, unaweza kungoja wiki na wiki. Kwa hiyo agiza sawasawa mara ya kwanza.

*Tuma nambari, usitume picha peke yake.* Andika nambari yote ya shasi na maneno yote yaliyo kwenye kibati cha gari. Muuzaji mwenye kitabu anatafuta kipande kwa nambari hiyo.

*Kuume na kushoto.* Tunahesabu kama mtu aliyekaa ndani ya gari akiangalia mbele. Hata kama volani iko kuume, hata kama volani iko kushoto, hesabu haibadiliki. Wengi wanakosea sababu wanasimama mbele ya gari wakiitazama uso, na hapo kuume kunakuwa kushoto. Nambari za Toyota zinasaidia: ziko na sehemu mbili za alama 5. Sehemu ya kwanza inasema ni kipande gani, ya pili ni ya gari gani. Kwenye Toyota nyingi, mkono wa chini wa kuume unaanza na 48068, na wa kushoto unaanza na 48069.

*Peleka kipande cha zamani, kama inawezekana.* Weka vyote viwili chini, kimoja kando ya kingine. Linganisha urefu, unene wa buloni ya rotile, nafasi ya matundu. Weka pia juu ya mizani ya koperative. Mkono mpya ulio mwepesi sana kuliko wa zamani mara nyingi umefanywa kwa bati jembamba.

*Jaribu kwa mkono.* Rotile mpya inageuka kwa ugumu ule ule pande zote. Ikianguka yenyewe kwa ulegevu, irudishe. Mpira wa silambloku uwe umeshikana na chuma pande zote, bila nafasi, bila nyufa ukiukunja. Mpira uliokaa dukani miaka mingi umezeeka hata kama haujafungwa kwenye gari. Na sanduku zuri la karatasi halionyeshi kitu, kwani sanduku pia linaigwa.

*Omba faktira* yenye nambari ya kipande, na patana mbele ya kulipa: kisipoingia, kinarudishwa kwa siku ngapi?

6. Wakati wa kufunga: maswali 5 kwa fundi

Tunamheshimu fundi. Lakini mwenye gari anaweza kuuliza.

1. «Papa Fundi, bari ya torsio umeilegeza?» Chuma hicho kimebeba nguvu nyingi ndani yake. Mtu akitoa mkono bila kukilegeza, kinaweza kumrukia na kumuua. Kabla ya kulegeza, pima urefu wa buloni inayokikaza na piga alama za rangi, ili gari irudi kwenye kimo chake. Bari ya kuume na ya kushoto zisibadilishane. Gari yenye resori ya mzunguko inaomba uangalifu ule ule.

2. «Umepiga alama kwenye buloni za mkono?» Kwenye gari nyingi za mikono miwili, buloni hizo ziko na kichwa kisicho katikati, na ndizo zinazonyoosha gurudumu. Bila alama, gurudumu litasimama kombo.

3. «Utakaza silambloku gari ikiwa wapi?» Jibu zuri ni: chini, imesimama juu ya magurudumu yake. Ndani ya silambloku mpira umegandishwa na chuma. Mkono ukipanda na kushuka, mpira unajipinda kidogo na kurudi. Fundi akikaza buloni gurudumu likining'inia, kisha akishusha gari, mpira unabaki umepindwa usiku na mchana. Kwa muda mfupi unapasuka. Ndiyo ilipasua silambloku mpya za kushoto katika habari yetu, ndani ya wiki 6. Sahihi ni kuingiza buloni bila kukaza, kushusha gari, kuitikisa ikae vizuri, ndipo kukaza kwa nguvu. Jambo hili halina bei, linaomba tu kukumbuka.

4. «Pini ya rotile ni mpya?» Ile pini ndogo inayozuia ekru isifunguke haitumiwi mara mbili, na msumari haichukui nafasi yake.

5. «Tutanyoosha magurudumu lini?» Wanaita paralelisimu. Kama mashine haiko karibu, fundi apime kwa kamba na mita, na shofere aangalie pine kila wiki. Siku gari ikifika mjini, ipitishwe kwenye mashine.

Kisha, baada ya safari ya kwanza ao ya pili, angalieni tena kama buloni zote zimekaza.

7. Hesabu ya kamati

Bei hizi ni za mfano tu, ili tujifunze namna ya kuhesabu. Wekeni bei zenu. Tuseme gari ikilala, koperative inatoa dola 10 kila siku zaidi kwa kulipa motari wa kubeba mavuno.

*Njia A, kutuma mikono mjini:* silambloku 4 kwa dola 12 ni dola 48. Rotile 2 kwa dola 25 ni dola 50. Presi dola 20. Usafiri kwenda na kurudi dola 30. Jumla dola 148. Gari inalala siku 14, ni dola 140. Yote: dola 288.

*Njia B, mikono 2 kamili:* dola 85 kwa mmoja ni dola 170. Usafiri dola 20. Jumla dola 190. Gari inalala siku 7, ni dola 70. Yote: dola 260.

Kwenye faktira, njia A inaonekana rahisi. Kwenye sanduku, njia B inatoa feza kidogo. Ambako presi iko karibu, hesabu inaweza kugeuka. Andikeni daima mistari mitatu: bei ya kipande, usafiri, na siku gari inalala. Kwa koperative zinazofuata sheria ya OHADA ya 2010, karatasi hiyo ibaki katika daftari ili kamati ya usimamizi iweze kuionyesha kwa wanaokagua na kwa mkutano mkuu. Na sisi wa shirika, tukileta kalamu ya kusaini, tuulizeni: «Umeona matokeo ya kupima?»

8. Kutunza kilicho kipya

*Mzigo.* Pikap nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa kubeba karibu tani 1, watu wakihesabiwa. Bidon ya lita 20 ya mawese iko na uzito wa karibu kilo 19. Bidon 45 ni kilo 855. Ongeza shofere na watu wawili mbele, umeshapita tani. Watu 7 juu ya mzigo ni kilo 400 na zaidi, na ndio wa kwanza kuanguka gurudumu likivunjika.

*Mwendo.* Shimo moja lililopigwa kwa haraka linaharibu kuliko mashimo mia yaliyopitwa polepole.

*Mafuta.* Usimwagie silambloku ya mpira mafuta ya moteri ili iache kulia. Itanyamaza siku mbili, kisha mpira utavimba na kuoza. Rotile yenye tundu la grisi, itiliwe grisi. Isiyo nalo, iachwe.

*Kalenda.* Pimeni mwanzo wa kila mwezi, na tena kabla ya msimu wa kubeba mavuno. Nusu saa tu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Gari yetu iko na mikono miwili, mmoja, ao ekseli nzima? Nani amechungulia?
2. Mara ya mwisho rotile za pande zote mbili zilipimwa lini? Imeandikwa wapi?
3. Presi ya karibu iko wapi, na kufika kule ni siku ngapi?
4. Mama mtunza feza aliuliza: «Juu ya nini tulipe mara mbili?» Mungekuwa katika ile kamati, mungemjibu namna gani?
5. Nani ana haki ya kusema «gari leo haitoki»? Shofere akisema hivyo, tunamsikiliza ao tunamlazimisha?

Kazi ya nyumbani. Kabla ya mkutano ujao, shofere na wamemba wawili, mmoja awe mama, wapime gari kwa hatua 5, waandike, na wasome matokeo mbele ya wote. Koperative isiyo na gari ifanye kazi hii na mwenye gari wanayokodi. Mzigo ni wenu, na watu wanaopanda juu yake ni wa kwenu.

Yule mama aliyevunjika mkono amepona. Amerudi kukamua mawese, na siku ya soko anapanda tena gari ile ile. Sasa anaketi mbele, na kabla ya kupanda anauliza: «Papa Shofere, kuume mumepima?»